Mgeni wa Chini ya Meza

Mji wa Leicester uko katikati ya Uingereza, mwendo wa saa moja na dakika chache kwa gari la moshi kutoka kituo cha St Pancras jijini London. Hauna bahari wala mlima, na mwezi wa Disemba jua lake huzama kabla ya saa kumi za jioni, hata mgeni aliyetoka Mombasa hushangaa kusikia anaitwa kuswali Magharibi ilhali tumbo lake bado linahesabu alasiri. Waingereza wenyewe huutaja kwa mpira, na kwa mfalme wao Richard wa Tatu, ambaye mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 chini ya uwanja wa kuegesha magari. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaujua kwa sababu nyingine.

Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wamekwisha kuondoka, baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huko: nyumba zimejaa, shule zimejaa, tafuteni kwingine. Wakaja. Leo barabara ya Belgrave huitwa Maili ya Dhahabu kwa wingi wa maduka ya vito na mavazi ya Kihindi, na upande wa barabara ya Evington utakuta mikahawa ya halali imekaribiana kama maduka ya Biashara Street. Ukifungua orodha ya vyakula utakutana na kitu kiitwacho "mogo". Usibabaike. Ni muhogo wetu, umekatwa vipande, umekaangwa na kutiwa pilipili na ndimu, ila ulipovuka bahari ulidondosha silabi njiani. Utakutana na kuku wa kupaka pia, yule wa tui la nazi, naye ameandikwa "kuku paka", jina ambalo kwa Mswahili aliyezoea lugha yake hutisha kidogo kabla ya sahani kufika.

Mwaka juzi nilikwenda huko kuwazuru jamaa. Binti wa ami yangu ameishi Leicester tangu alipoolewa, na kwa miaka sita sasa hana nuru ya macho. Presha ya macho ilimwanza polepole, akadhani ni uchovu wa kushona usiku. Alipofika kwa madaktari, jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili liko njiani. (Nawaomba kina mama wanaosoma hapa wenye wazee waliopata maradhi haya: pimisheni macho yenu, kwa sababu hutembea katika ukoo na hayaumi.) Yeye ni mama wa watoto wawili, amehifadhi juzuu kadhaa, anafundisha wasichana Qur'ani siku za Jumamosi, na huenda sokoni, hospitalini na madrasani kwa miguu yake akiongozwa na mbwa.

Najua neno hilo linavyoingia katika masikio ya watu wa pwani. Kwetu mbwa ni wa kutupiwa jiwe, na kwa sisi tuliosomeshwa madhehebu ya Imamu Shafi, ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa mchanga. Basi kabla ya kuhukumu, ni vyema tujue huyu ni mbwa wa namna gani.

Kazi hii ilianza kupangwa vizuri Ujerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliporudi vitani wamepofushwa na gesi na mabomu. Shule ya kwanza ya kuwafundisha mbwa wa kuwaongoza ilifunguliwa Oldenburg mwaka 1916. Marekani ikafuata mwaka 1929, na Uingereza mwaka 1931, ambapo wanaume wanne wasioona walipewa mbwa wao wa kwanza huko Wallasey, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Siku hizi mbwa hawa huzalishwa maalumu, wengi wao wa jamii ya Labrador na chotara zake. Wakiwa wadogo hulelewa katika nyumba za watu wanaojitolea, ili wazoee ngazi, mabasi, watoto na kelele, kisha hufundishwa kazi yenyewe. Huanza kutumika wakikaribia umri wa miaka miwili na hustaafu wakiwa na kama miaka tisa au kumi.

Wengi hudhani mbwa ndiye ajuaye njia. Siyo. Asiyeona ndiye ajuaye njia. Ameihifadhi kichwani kama mtu anavyohifadhi sura, naye humwamuru mbwa kwenda mbele, kushoto, kulia. Kazi ya mbwa ni kumpitisha salama kati ya nguzo, mashimo na watu, na kusimama penye ukingo wa barabara. Lakini limo jambo moja lililonistaajabisha. Mbwa huyu amefundishwa kutii, na amefundishwa pia kuasi: akiamriwa kuvuka na gari linakuja, hukataa kwenda. Husimama kama jiwe mpaka hatari ipite. Binti wa ami aliniambia kwamba mara mbili amemkasirikia kwa kutomsikiliza, na mara zote mbili upepo wa gari ukampiga usoni kabla hajamaliza maneno yake.

Mbwa akivalishwa ule mkanda wenye mpini mgumu mgongoni, yuko kazini. Haguswi, haitwi, halishwi. Ndiyo maana jina lake hakunitajia, na wala sikumlazimisha. Wenye mbwa hawa wengi hulificha jina mbele ya wageni, kwani kila mtu akimwita, atamsahau anayemwongoza.

Siku ya tatu ya ziara yangu, jioni ya Jumapili, mumewe alisema twende tukale nje. Tulikuwa sita: wao wawili, watoto wao, mimi, na mbwa. Mvua ilikuwa ikinyesha, ile mvua ya Uingereza isiyo na radi wala haraka.

Mkahawa wa kwanza tuliofika ulikuwa wa halali, taa zake nzuri, harufu ya biriani imetoka mpaka njiani. Kijana wa mlangoni alipomwona mbwa aliinua mkono kabla ya salamu. "Hapa ni pahali pa Waislamu," alisema, kana kwamba yule mama aliyevaa hijabu na baibui mbele yake ametoka dini nyingine. Mume akamweleza kwa upole kwamba huyu ni mbwa wa kumwongoza asiyeona na sheria ya nchi yamlinda. Kijana akajibu kwamba wateja watakimbia. Hakumtazama yule mama hata mara moja; alizungumza na mumewe tu, kama tuzungumzavyo na mzazi wa mtoto mchanga. Na kweli, kwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kumkatalia mlango mtu kwa sababu ya mbwa wake kiongozi ni ubaguzi wa kushitakiwa, na dereva wa teksi anayekataa kumbeba bila cheti cha maradhi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Dini ya dereva haihesabiwi kuwa udhuru. Lakini binti wa ami hakutaka mahakama usiku ule, alitaka chakula. "Twende zetu," alisema. "Wali unaopikwa kwa chuki haushibishi." Mtoto wake mdogo, msichana wa miaka minane, ndiye aliyelia. Mama alikuwa amezoea, na kuzoea kwake ndiko kulikonichoma zaidi.

Mkahawa wa pili ulikuwa hatua mia mbili mbele, mdogo, meza kama kumi hivi. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala, akaondoka Uganda akiwa kijana wa shule, na Kiswahili chake bado anacho, chenye vumbi kidogo. Alipotusikia alifurahi kama aliyeokota pesa katika koti la zamani. "Karibuni, karibuni! Jambo, Sheikh sahib!" Kisha akamwona mbwa, tena amelowa, na furaha ikapungua usoni pake. Hakutufukuza. Alinivuta kando karibu na kabati la sharubati, akaniuliza kwa sauti ya chini, na hakika aliniuliza kwa ikhlasi: "Sheikh, mimi sheria ya serikali naijua. Hiyo haina shida. Naogopa ile ya Mungu. Watu wanakula hapa, wengine wanaswali pale nyuma. Huyu mbwa ana maji. Hukumu yake nini?"

Nikamjibu hapo hapo, kwa kifupi, kwani watoto walikuwa na njaa. Hapa naweza kukunjua zaidi.

Kwanza ni kumweka mbwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekemea kufuga mbwa bure na akatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imamu Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu, alipoulizia mbwa wa kulinda nyumba, ambaye hakutajwa, alisema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba yafaa, kwa kupima juu ya wale waliotajwa, kwani sababu iliyoeleweka ni haja. Basi ikiwa haja ya kulinda kondoo yatosha, haja ya kulinda maisha ya mwanadamu barabarani haiwezi kuwa ndogo kuliko hiyo. Na Mwenyezi Mungu katika Surat Maida ameruhusu tule alichokikamata mnyama wa kuwinda aliyefundishwa. Elimu ilimpandisha daraja hata mbwa: aliyefundishwa si sawa na asiyefundishwa.

Pili ni najisi, na hapa hatupaswi kuchanganya mambo mawili. Kumruhusu mbwa si kusema kwamba ni tohara. Kwa Imamu Malik, mbwa aliye hai ni tohara, na kule kuosha chombo ni ibada tu. Kwa Mahanafi, kwa kauli yao yenye nguvu, mate yake ndiyo najisi, mwili wake siyo. Kwetu sisi Mashafi, vyote ni najisi; lakini hata kwetu, kikavu kikigusa kikavu hakuna kinachohama. Unyevu ndio unaobeba najisi. Kwa hiyo swali la yule mzee lilikuwa swali la mtu aliyesoma: shida ilikuwa ile mvua.

Nikamwambia: wewe ni Mhanafi, maji yaliyo juu ya manyoya yake hayakunajisii sakafu yako kwa madhehebu yako. Mimi ni Mshafi, nitakaa upande wa pili na kanzu yangu nitaikunja. Na huyu mama, ambaye mnyama huyu ni macho yake usiku na mchana, sheikh wake amemruhusu kumfuata Imamu Malik katika jambo hili, na ruhusa hiyo ina msingi, kwani uzito ukizidi, sheria huleta wepesi. Mzee akafikiri kidogo. "Basi sote tunakula," akasema, akaenda mwenyewe kuvuta meza ya pembeni.

Mume alitoa taulo mkobani, akamvua mbwa koti lake la mvua, akampangusa miguu na tumbo, kisha akatandika mkeka mdogo chini ya meza. Mbwa akaingia, akajikunja, akaweka kidevu juu ya kiatu cha bibi yake. Hakubweka, hakunusa sahani, hakuinuka hata mhudumu alipoangusha kijiko kando ya pua yake. Nilimkumbuka mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyetajwa katika Surat Kahf akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini, na ambaye kila walipohesabiwa wale vijana, naye alihesabiwa pamoja nao.

Ajuza mmoja aliyekaa meza ya jirani hakuridhika. Alimwita mzee, wakasemezana Kigujarati, macho yake chini ya meza yetu. Mzee akamhamishia upande wa dirishani na kumpelekea chai ya bure. Sikuona ubaya. Mtu mwenye hofu ya mbwa, au mwenye kuchunga tohara yake, naye ana haki. Na mkahawa wenye meza kumi una nafasi ya haki mbili.

Chakula kilipofika niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Asiyeona huelezwa sahani yake kwa mfano wa saa: wali uko saa fulani, nyama saa fulani, kana kwamba sahani ni uso wa saa ya ukutani. Mumewe akasema, "Kuku yuko saa tatu." Binti wa ami akasitisha mkono hewani. "Saa tatu ya Kiswahili au ya Kizungu?" Kwa kuwa, msomaji, saa tatu yetu mshale huwa kwenye tisa, upande wa kushoto kabisa, na saa tatu yao iko kulia. Nyumba yenye lugha mbili, mtu aweza kuchoma uma kwenye achari akidhani ni paja la kuku. Watoto walicheka mpaka yule msichana aliyelia akapaliwa na mogo, na mama yake akacheka zaidi ya wote.

Nikawasimulia wakati tunakula habari za aya ya 61 ya Surat Nnur, inayoanza kwa kuondoa uzito juu ya kipofu, kiguru na mgonjwa, kisha ikataja kula katika majumba ya jamaa na marafiki. Wafasiri wameeleza sababu zaidi ya moja ya kuteremka kwake. Katika hizo ipo kwamba watu wa Madina walikuwa wakiona tabu kula sahani moja na asiyeona, wakichelea kumdhulumu kwa kuwa haoni kipande kizuri. Na ipo pia kwamba wasioona wenyewe walijitenga, wakichelea kuwachukiza wenzao. Pande zote mbili zilikuwa na adabu, na adabu hiyo ikazaa ukuta. Aya ikaubomoa, wakala pamoja. Binti wa ami alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, mimi nilikuwa wa upande wa pili. Miaka miwili ya mwanzo sikula mbele ya mtu."

Kesho yake nilionyeshwa kwamba mji huu ulikwisha kulijadili jambo hili msikitini kabla ya mikahawani. Mwaka 2008, baada ya Baraza la Sharia la Waislamu wa Uingereza kutoa fatwa, msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake. Mbwa hakuingia ukumbi wa swala; alitengenezewa pahali pake pa kungojea karibu na mlango, na kijana akaingia kuswali jamaa. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Sahaba asiyeona aliyemwomba Mtume ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza. Akaruhusiwa, alipogeuka kwenda zake akaitwa, akaulizwa kama anaisikia adhana. Akasema ndiyo. Akaambiwa basi aiitikie. Nimesomesha hadithi hii miaka mingi kwa kutilia mkazo swala ya jamaa. Pale Leicester nilianza kumfikiria aliyemshika mkono akaja naye.

Marekani, sheria yao ya walemavu ya mwaka 1990 imekwenda vivyo hivyo: mwenye mkahawa, ikiwa haja ya mbwa haiko wazi, ana ruhusa ya kuuliza mawili tu, kama mbwa huyu anahitajika kwa ajili ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Hana haki ya kudai cheti wala kuuliza maradhi ya mtu. Na kanuni zao zinamtambua pia farasi mdogo aliyefundishwa kuongoza. Farasi kwetu ni tohara bila hitilafu, na kwa Mwislamu anayeona uzito wa mbwa huo ni mlango wa heri, ingawa sijui mzee wetu wa Kampala angemweka wapi katika meza kumi.

Niliporudi Mombasa niliyasimulia haya barazani, na rafiki yangu mmoja mwenye hoteli Mji wa Kale akaguna. Kwetu hakuna mbwa hao, alisema, tusijitafutie kazi. Nikamuuliza wasioona wangapi huingia kwake kwa juma. Akafikiri. Hakumkumbuka hata mmoja. Nasi tunawajua, wako mitaani mwetu, wanashikwa mabega na wajukuu ambao wangepaswa kuwa shuleni, au wanagonga fimbo nyeupe kati ya mikokoteni na tuktuk. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kimewapa haki ya kuheshimiwa na kufika kila pahali pa umma. Hoteli ya rafiki yangu ina ngazi nne mlangoni bila pa kushika, na bei za vyakula zimeandikwa ubaoni, hakuna anayezisoma kwa sauti.

Alikaa kimya, akamimina kahawa. Kisha akauliza lile lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo: akija mtalii kutoka Diani na mbwa wa namna hiyo, atamnywesha maji kwa chombo gani?

Nikamwambia, huja na bakuli lake mkobani.